Picha ya Sawan Isiyokauka

Mwezi wa Sawan, mvua zikichachamaa, mume mwenye akili hatoki nyumbani kwake. Ndivyo zisemavyo nyimbo, na ndivyo Raja, mfalme wa milimani, alivyomwagiza mchoraji wake Bhagtu achore: Radha na mpenzi wake, mungu Krishna, barazani, mawingu meusi, mvua ya matone meupe. Na ili achore vizuri habari za mume kukaa na mkewe, Raja akamfungia ngomeni hadi picha iishe, naye Bhagtu mkewe Sukhdei kamwacha ng'ambo ya mto, ana mimba ya miezi tisa! Wakubwa bwana, wana yao.

"Bado tu?" aliuliza Durgu, mlinzi wa mlango. "Hata kuku angekuwa ameshatotoa."

"Rangi haikauki, kaka. Unyevu huu!"

"Basi fanya hima. Mto umefura. Kesho wavushaji wanapandisha mashua nchi kavu, hakuna kuvuka tena."

Bhagtu aliinamia picha yake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kuzikwa yeye akiwa humuhumu ndani. Safari hii alimwapia Sukhdei kwamba atakuwepo.

Kila mchoraji wa milimani anajua kuwa picha mbichi haisuguliwi. Bhagtu naye alijua, lakini mwenye haraka haambiliki. Aliilaza picha kifudifudi juu ya marumaru, akaisugua mgongoni kwa jiwe la akiki ili rangi ing'ae. Alipoigeuza, lo! Krishna mzima amebaki kwenye marumaru. Radha yuko peke yake barazani, kanyoosha mkono, hana wa kuupokea.

Aliitazama weee, kisha akaanza kucheka.

"Raja atanifukuza, niende zangu kwa Sukhdei," alisema. "Mbona sikuliwaza hili mapema?"

Akaziba pengo kwa wingu jeusi, basi, akamwita Durgu aipeleke.

Asubuhi Raja alikuja mwenyewe, picha mkononi. Bhagtu aliinamisha kichwa, akiyangoja matusi kwa hamu. Hayakuja. Raja alikuwa analia.

"Wachoraji wote huniletea Mola aliyekwisha kufika," alisema. "Mimi namwita miaka yote, haji. Wewe umejuaje?"

"Nimeharibu, Mtukufu! Rangi ilikuwa mbichi. Nifukuze, nakuomba."

"Nikufukuze? Mtu anayeijua kiu hii?" Raja alivua shali yake, akamvisha. "Imebaki miezi mingine kumi na mmoja ya mwaka kuchorwa. Yote utaichora wewe. Durgu, funga mlango, asisumbuliwe."

Durgu alifunga, na leo hakuwa na utani. Huko chini mtoni wavushaji walikuwa wakipiga kelele, wakiivuta mashua ya mwisho nchi kavu.