Mstari Katikati ya Picha

Eda ilipoingia mwezi wa tatu, majirani wa Bongwe walikuwa wameshakubaliana kwamba Mwalimu Mbeyu ana moyo wa jiwe. Wengine walisema hivyo kwa kumsifu, wengine kwa kumsengenya, na wengine, maana watu wa aina hiyo hawakosekani kwetu, walisema yote mawili kwa pumzi moja huku wakinywa kahawa yake. Mume amekufa na mke hajatoa chozi. Siku ya mazishi hakulia. Siku ya hitima hakulia. Alipokuja shangazi wa marehemu kutoka Samburu, mwanamke ambaye akianza kulia hata mbuzi huacha kula wakamtazama, Mbeyu alimkaribisha vizuri, akamletea maji na kumuuliza habari za njiani.

Haukuwa moyo wa jiwe, jamani. Ilikuwa ganzi. Ukiukalia mguu kwa muda, unauona uko pale na unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Mbeyu alikuwa hivyo mwili mzima. Aliswali, alikula alipoambiwa ale, alijibu salamu za watu. Usiku ukija alilala na asubuhi aliamka, na hakuona tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Mumewe, Issa, alikuwa seremala wa hoteli moja huko Diani. Asubuhi hiyo alitoka nyumbani akilalamika kwamba viatu vipya vinambana. Akiwa kazini akashikwa na kifua, na alipofikishwa hospitali ya Msambweni alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hapakuwa na ugonjwa wa kuuguzwa wala wosia wa kukumbukwa. Viatu vilirudishwa nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, na Mbeyu akaviweka chini ya kitanda.

Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa uani na sinia zao za mchele. Wamekuja kumliwaza mfiwa. Maliwazo yenyewe yalikuwa habari za ndoa ya mtu fulani wa Ukunda iliyovunjika wiki ile, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kuongeza. Mbeyu alikaa kwenye mkeka katika nguo zake za eda, akiwasikia bila kuwasikiliza. Mama mkwe wake, Bi Kahaso, ndiye aliyekuwa askari wa eda hiyo. Yeye ndiye aliyejua nani aingie na nani aishie mlangoni, na sabuni yenye harufu aliipiga marufuku tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyewafungulia wasichana wawili waliokuja na sare za shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Mwalimu wenu yuko eda, hafundishi."

"Tunajua, bibi. Hatukuja kusoma," alisema yule mfupi. "Tumekuja kuomba antena."

Huyo alikuwa Yusra. Mamake hulima mwani Kibuyuni, na yeye alikuja Ukunda kukaa na khalati yake, dada wa mamake, ili asome. Siku Mbeyu alipowafundisha kidato cha kwanza habari za setilaiti, Yusra alisimama darasani akasema yeye atakuwa mhandisi wa kuzitengeneza. Darasa zima lilicheka. Mbeyu alipokwenda kumsimulia Issa jioni ile, Issa hakucheka hata kidogo. Alimwambia amuulize huyo mtoto kama huko atahitaji seremala. Mwenzake Yusra, Gillian, ni mtoto wa mpishi wa hoteli, watu wa bara, mrefu na mwepesi wa maneno.

"Mwalimu, ile picha wameirudisha," alisema Gillian alipokwisha kukaa. "Ati iko na laini katikati. Wanataka ingine safi, na mwisho ni kesho."

Picha yenyewe ilikuwa ya mashindano ya klabu za sayansi za shule za pwani. Klabu itakayoshinda, wanafunzi wake watakaa likizo nzima Nairobi na wahandisi, wakifundishwa kuunda mitambo kwa mikono yao wenyewe. Yusra alikuwa akiizungumzia likizo hiyo kama watu wengine wanavyozungumzia Hija. Hakuwa na njia nyingine ya kufika huko, na hilo alilijua.

Na kuipata picha ni hivi. Kuna kile kituo cha anga kinachoizunguka dunia kikiwa na wanaanga ndani yake. Mara moja moja kituo hicho huwarushia wanafunzi picha kwa redio, popote walipo. Picha haiji kama picha. Huja kama mluzi, unapanda na kushuka. Unaunasa kwa redio ndogo, unaiweka simu karibu na spika, na simu inausikiliza ule mluzi na kuuchora mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, mpaka picha itimie. Ila simu haijui kuchagua cha kusikia. Mtu akikohoa karibu, inakichora na kikohozi chake.

Ile ya kwanza waliinasa hapa hapa uani, siku chache kabla ya msiba. Wiki hii kituo kimerusha tena, na leo ndiyo siku ya mwisho. Shuleni walijaribu wakashindwa: antena ya klabu ilianguka kwenye saruji ikavunjika, na bwenini hakuna binti anayeweza kunyamaza.

Mbeyu aliinuka akaingia chumbani. Antena ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, mahali pake. Aliitengeneza Issa. Alichukua tepu yake ya chuma ya kupimia mbao, ile ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akaikata vipande mbele ya wasichana huku akiugua kwa mzaha kama anakatwa yeye, kisha akavifunga kwenye bomba la maji la plastiki. Mbeyu aliishika. Alingoja kidogo aone kama atahisi kitu. Hakuhisi kitu, akatoka nayo.

"Kinapita saa ngapi?"

"Sasa hivi, mwalimu. Kabla ya adhana ya alasiri. Hatutawahi kufika shule."

"Basi hapa hapa."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba chumvi. Alimpa Gillian redio, Yusra akatoa simu yake, na antena akaishika mwenyewe, maana kuielekeza kunataka mkono uliozoea. Yusra akakunja uso.

"Mwalimu, simu imejaa. Inasema haina nafasi."

"Futa kitu."

"Nifute nini?"

"Futa ile iliyoharibika. Ina kazi gani tena?"

Yusra alimtazama mwalimu wake, kisha akainama juu ya simu, vidole vikafanya kazi.

Sasa kilichobaki ni kuwanyamazisha wanawake wa Bongwe, na hiyo ndiyo hesabu ngumu kuliko zote. Mbeyu aliwaeleza kwamba kuna kitu kitapita juu, na mpaka kipite pasisikike hata mchele. Wakatazamana. Mmoja akasema taratibu kwamba labda mfiwa apelekwe akasomewe.

"Kitu gani kinapita?" aliuliza Bi Kahaso.

"Kituo cha anga, mama. Kina watu ndani."

"Wanaishi huko huko?"

"Miezi kadhaa."

Bi Kahaso alifikiri. "Na kibla wanaijuaje?"

"Wanakadiria, mama. Kwa nia."

"Haya. Mwenyezi Mungu awashushe salama." Akawageukia wenzake. "Mmesikia. Atakayefungua mdomo, asirudi kwangu."

Uani pakawa kimya. Redio ilikuwa inachemka tu, kama mafuta kwenye karai. Mbeyu aliielekeza antena upande wa Shimoni, chini karibu na miti, akangoja. Kisha mluzi ukaingia, hafifu kwanza, halafu wazi kabisa, na kwenye simu ya Yusra rangi zikaanza kushuka. Mbeyu alikuwa akigeuka polepole, akikifuata kitu asichokiona. Jicho moja lilikuwa mbinguni na jingine kwenye simu. Ulitokea ukingo wa buluu. Zikatokea nywele za mtu zilizosimama, kwa vile huko juu hakuna uzito, halafu paji la uso.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Mara ile ya kwanza, picha ilipofika kiasi hicho, Issa alitokea mlango wa jikoni. Alikuwa na kikombe mkononi. Hakujua kwamba wameshaanza. Alisema, "Mbeyu, chai inapoa." Maneno matatu tu, kwa sauti yake ya kawaida. Mbeyu hakugeuka. Alimnyanyulia kiganja kwa nyuma, kumwambia anyamaze, na akasikia akirudi jikoni kwa kunyata. Ule mstari walioukataa wale wa mashindano, ule uchafu wa katikati, ni maneno yale. Simu ilikuwa imemchora Issa akimwita mkewe, na yeye sasa hivi, kwa ulimi wake mwenyewe, amesema afutwe.

Mistari ilipita pale pale, safi. Macho ya yule mwanaanga yakatokea, hayana doa. Hakuna aliyesema kitu, na Mbeyu akajua kwamba hakuna atakayesema.

Ganzi ikiachia huwa inauma, aliyewahi kuukalia mguu anajua. Kilio cha miezi yote ile kilikuwa kinakuja kwa pamoja, na picha ilikuwa nusu. Akikitoa, kitachorwa. Akikitoa, Yusra hana Nairobi. Mbeyu aliuma ncha ya mtandio wake kwa meno akaendelea kugeuka, kutoka upande wa Shimoni kwenda upande wa Mombasa, machozi yakimwagika bila sauti mpaka kidevuni. Antena hakuishusha. Bi Kahaso alimwona kutoka kwenye kibao chake cha kukunia nazi. Alianza kunyanyuka, kisha akajizuia na kujiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Pua. Kinywa kinachotabasamu. Shati la buluu, na chini kabisa maandishi. Yusra akainua kidole: imetimia.

Mbeyu aliiweka antena chini taratibu, asiipinde, akakaa pale pale mchangani akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtoto aliyepigwa. Wale waliokuwa wakilisubiri chozi hilo tangu mazishini waliinamia sinia zao. Gillian alirudi nyuma mpaka ukutani, redio kifuani.

"Mwalimu," alisema Yusra. Alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Sikuifuta."

Mbeyu akainua uso.

"Ile ya mstari. Sikuifuta. Nilifuta picha zangu za Idi." Alikuwa anaisogeza simu karibu. "Si wewe ulituambia, mwalimu? Kipimo kikiharibika kisifutwe, kwanza kijulikane kimeharibiwa na nini. Na mimi nilijua. Nilikuwepo."

Ilikuwa pale. Mwanaanga yule yule wa siku ile, na juu ya macho yake utepe uliochafuka, upana wa uzi, umekatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Mbeyu aliishika simu kwa mikono miwili.

Picha safi ilitumwa muda huo huo. Gillian aliihamishia kwenye simu yake na kuituma pale ukutani alipokuwa, kimya kimya. Wanawake wakaanza kukusanya sinia zao. Bi Kahaso ndiye aliyekuja akakaa mchangani kando ya mkwe wake, kwa taabu, kwa sababu ya magoti.

"Nini hiki?"

"Ni Issa, mama." Akamwonyesha mstari.

Bi Kahaso aliisogeza simu karibu na macho. Hakuuliza inawezekanaje.

"Anasema nini?"

"Ananiita. Anasema chai inapoa."

"Ukaenda?"

"Sikwenda. Nilimwambia kwa mkono anyamaze."

"Akanyamaza?"

"Alinyamaza, mama."

Bi Kahaso alitikisa kichwa. Aliupitisha ukucha wa kidole juu ya kile kioo, polepole, bila kukigusa, kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake.

"Alikuwa mtoto msikivu," alisema. "Ukimwambia mara moja, basi."