Safu ya Tatu Inafaa kwa Watoto

Eliamini alikuwa amepiga magoti kwenye kituo cha mafuta pale Same, akisukuma gunia la tangawizi kwenye buti la gari jeupe la kifahari la viti saba. Wachambuzi wengine wa magari hupima buti kwa mabegi ya safari. Yeye alipima kwa magunia ya tangawizi, kwa sababu watazamaji wake walikuwa watu wa kwao, na mtu wa kwao akiambiwa habari ya lita za ujazo huona anataka kutapeliwa. Mwenye magunia alisimama pembeni akiyaangalia bila kupepesa. Mpare akikuazima kitu hukuazima pamoja na macho yake.

Yasmini, binti wa Kisiwani aliyekuwa mpiga picha wake, alipanda safu ya tatu kuona kama magoti yanaenea. Aliingia akiwa mwanamke mzima. Alipokaa akawa mtoto wa miaka saba hivi, meno mawili ya mbele hayapo, ushungi umemshukia hadi puani.

"Magoti yanaenea?" Eliamini aliuliza.

"Yanaenea," alijibu kwa kitembe. "Miguu ndiyo haigusi chini."

Eliamini akasema kwenye kipaza sauti kwamba safu ya tatu inafaa kwa watoto. Kijitabu cha gari kilisema hivyohivyo, na gari la bei ile lingeona aibu kusema uongo. Yasmini aliposhuka alirudia umri wake, akavuta ushungi nyuma, akalalamika kwamba kule hakuna pa kuwekea chupa ya maji.

Safari yao ilikuwa ya kwenda Vukeni, kijiji kilichojibanza juu milimani, upande wa Chome. Huko ndiko alikokuwa Bibi Dorkasi, aliyemlea Eliamini tangu akiwa na makamasi. Wakati wa masika bibi aliteleza kwenye migomba, nyonga ikapata ufa. Vijana walijaribu kumshusha hospitali kwa machela, lakini hawakufika hata nusu ya njia. Bibi aliamuru arudishwe. Alisema afadhali afie kitandani kwake kuliko kurushwarushwa kama mtama kwenye ungo. Eliamini alimwahidi kwa simu kwamba atamfuata kwa gari ambalo hata yai halipasuki ndani yake.

Isihaka, mkuu wa mauzo wa duka la magari kule Dar, alikuwa amekubali bibi ashuke na gari hilo, mradi kwanza ipatikane video likipambana na njia mbaya. "Watu wananunua mashimo, Eliamini," alisema. "Gari ni kifungashio tu."

Wakaiacha lami, wakayaacha mashamba ya mkonge, wakaanza kupanda. Eliamini alikaza mikono kwenye usukani, maana njia ile aliijua tangu enzi za kuitapikia. Palikuwa na makorongo ya kumeza mbuzi, na kwenye kona ya juu palikuwa na jiwe lililoitwa Mama Mkwe, kwa kuwa hakuna aliyelipita bila kuinama. Safari hii hakuinama mtu. Mashimo yalikuwa yamezibwa kwa kifusi na kushindiliwa, mifereji imechimbwa kando, Mama Mkwe hayupo. Chai ya Yasmini ilifika juu bila kumwagika tone.

Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga na majembe na sururu. Mbele alisimama Mzee Asheri, mwenyekiti wa kijiji, amebana kwapani pembe ya kupigia mbiu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Tulisikia unakuja na gari la thamani. Tukasema hapa litaumia. Nikapiga mbiu ya msaragambo, kila kaya ikatoa mtu, asiyetokea faini yake jogoo."

"Na Mama Mkwe?"

"Tumemsukumia korongoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mtu asiyewajua watu wa Vukeni angeuliza kwa nini hawakuitengeneza siku zote, wakati wagonjwa wao walikuwa wakishuka kwa machela. Jibu ni kwamba walikuwa na kesi. Walimshtaki mkandarasi aliyekula fedha za barabara na kuacha mashimo, na mashimo yale ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Kuyaziba kungekuwa kuiua kesi kwa mikono yao wenyewe. Lakini kumfukulia mgeni njia si kutengeneza barabara, ni adabu, na adabu haijawahi kumharibia mtu kesi.

Eliamini alikwenda kumwamkia bibi yake. Alimkuta amelala chali, kilemba kimekaa sawa, mfuko wa safari umefungwa na kuwekwa miguuni.

"Nimeambiwa barabara imelala kama mkeka," bibi alisema. "Tushuke leo, mjukuu wangu, kabla mvua haijaigusa."

"Kesho, bibi. Tukishamaliza video."

Alisema hivyo huku akiangalia simu. Eliamini alimpenda bibi yule kuliko mtu yeyote aliye hai, na alitoka mle chumbani akiwaza namna ya kupata mwanga mzuri.

Isihaka alipotumiwa picha za kwanza alipiga simu. "Hiyo ni barabara ya harusi. Nani anunue gari la porini akaendee harusini? Nataka mashimo."

"Yamezibwa, bosi."

"Basi yazibuliwe."

Wakati huo Mzee Asheri alitaka kuhakikisha kwamba gari la mgeni halikuumia njiani. Akapanda safu ya tatu pamoja na mzee wa kanisa, nao wakawa wavulana wawili, mmoja ana mapunye kichwani, mikono ya makoti inawaning'inia. Kwanza waligombea dirisha. Halafu Eliamini alipowashusha mpaka kwenye kona na kuwapandisha, wakanuna.

"Mbona haliruki?" Asheri aliuliza.

Simu ilikuwa bado iko hewani, sauti ya Isihaka ikatokea kwenye spika za gari. "Samahani, naweza kuongea na mwenyekiti?"

"Ndiyo mimi," alisema yule mtoto mwenye mapunye.

"Shikamoo, mwenyekiti. Mnaweza kuturudishia mawe kidogo pale njiani?"

"Mengi," alisema Asheri. "Na mashimo makubwa kuliko ya zamani, mpaka gari lipae."

Mzee wa kanisa aliunga mkono hoja kwa kupiga mateke kiti cha mbele.

Waliposhuka mvi zao zilirudi, na akili nazo. Asheri alifuta miwani muda mrefu. "Nimesema?" aliuliza. "Umesema, mzee," akajibiwa. Vukeni neno likishatoka mbele ya shahidi halirudi mdomoni. Hata hivyo walikaa hapo hapo kubishana, kwa raha kubwa, kama mtoto wa miaka saba anaweza kukifunga kijiji kwa ahadi. Mzee mmoja aliyewahi kuuza dume la ng'ombe ili ashinde kesi ya jogoo, na ambaye kwa sababu hiyo husikilizwa sana, alisema kiti kile hubadilisha umri, hakibadilishi cheo. Mwenyekiti ni mwenyekiti hata akiwa na mapunye. Juu ya hayo, mashimo yakirudi na ushahidi umerudi.

Ili wasiamue jambo wasilolijua, wajumbe wote wakaomba kukikalia kiti. Wakapanda wawiliwawili. Wakashuka kina mama wenye wajukuu wakiwa hoi kwa kicheko, wakiulizana nani amemfinya nani. Mzee mmoja asiyepatana na shemeji yake tangu ugomvi wa mpaka wa shamba aliteremka naye wameshikana vidole, kisha wakaachiana na kuendelea kutosalimiana. Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa heshima, alikutwa amejificha chini ya kiti asishushwe. Kila aliyeshuka alikuwa na maoni yaleyale: barabara ina kasoro, hairushi.

Asubuhi pembe ya msaragambo ililia tena. Watu walitoka kabla ya uji. Walizibua mashimo, wakayapanua, wakafukia mifereji, wakamvuta Mama Mkwe kutoka korongoni kwa kamba huku wakiimba, na wazee wakielekeza kwa mikono kana kwamba kuna dereva wa trekta. Haijapata kuonekana kazi ya jumuiya iliyofanywa kwa furaha kama ile. Hata wale wavivu wanaojulikana kwa majina walikuja na sururu zao.

Video ikatoka kama Isihaka alivyoiomba. Gari jeupe lilipanda Mama Mkwe kwa gurudumu moja moja, tope likaruka hadi kwenye kioo cha kamera, shokomzoba hazikulia. Yasmini alipiga picha akiwa safu ya tatu, kwa kuwa alipokuwa mtoto mikono yake haikutetemeka.

Ndipo walipomwendea Bibi Dorkasi. Eliamini alikuwa amelaza viti vya kati na kutandika godoro. Bibi aliletwa ndani ya shuka, wameshika pembe nne, akalitazama godoro na kukataa.

"Niwekeni kule nyuma na mimi. Kutwa nzima nasikia watu wanacheka, nimelala kama gogo."

Wakamweka. Akawa msichana mwembamba, kichwa kimenyolewa, macho makubwa, magoti yana vidonda vya kuanguka mitini. Alipinda mguu wa upande ule uliokuwa mbovu, akaunyoosha, akaupinda tena. Eliamini alimtazama kwenye kioo kwa furaha. Hakuwahi kumwona bibi yake bila maumivu, achilia mbali bila mikunjo.

Walishuka. Kila shimo msichana alicheka, na kila alivyocheka Eliamini alicheka zaidi. Yasmini alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Kwenye Mama Mkwe gari lilipaa, msichana akagonga kichwa darini.

"Tena," alisema.

Eliamini akarudisha gari nyuma, akampitisha tena. Na tena. Kama angeambiwa siku ile ndiyo siku bora ya maisha yake asingebisha.

Hospitalini muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu. Eliamini alifungua mlango, na kabla hajanyoosha mikono msichana alikuwa ameruka. Alitoka garini ana miaka saba, akatua chini ana themanini na kitu, na mitikisiko yote ya njia ile ilikuwa ikimngoja mlangoni. Hakupiga kelele. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili, akamtazama mjukuu wake, miguu ikamwishia.

Daktari aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea mambo.

"Hapa mwanzo palikuwa na ufa mdogo," alisema. "Angefika nao hivyo tungemtuliza, angeunga, angetembea kwa fimbo. Sasa mfupa umesagika. Mmemleta kwa njia gani?"

"Kwa gari zuri," Eliamini alisema.

"Hatatembea tena."

Eliamini alitoka nje, akalia kwenye kiti cha dereva, ambacho hakibadilishi umri wa mtu. Jana tu barabara ile ilikuwa mkeka. Alijirudia jambo hilo mpaka Yasmini alipokuja kugonga kioo na kumwambia kwamba video imeanza kupata watazamaji kuliko zote walizowahi kutengeneza.

Ikaendelea kupata. Maduka mengine ya magari yakauliza njia ya Vukeni. Likaja la kijivu lenye viti vya ngozi vinavyokanda mgongo, likaja la kijani lenye paa la kioo, yote viti saba, yote safu ya tatu ya watoto, na yote yakisema ukweli. Kijiji kiliunda kamati ya mashimo. Kila mvua iliposawazisha njia, pembe ililia, watu wakatoka kwenda kuichimbua upya. Kesi ya mkandarasi iliahirishwa mara nyingine, na wakili aliyekuja kukagua ushahidi alisema hajapata kuona ushahidi unaotunzwa vizuri namna ile.

Bibi Dorkasi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Eliamini alikuwa na gari jeusi, refu, jipya kabisa, la duka jingine. Aliomba ruhusa ampandishe nalo, taratibu, katikati kwenye godoro. Wenye gari walijibu kwa upole kwamba bima inawahusu wazee walioidhinishwa kwa majaribio, wagonjwa haiwahusu. Vijana wa Vukeni wakashuka na machela kumchukua.

Wakakutana kwenye ile kona ya juu, vijana wakirudi naye. Gari jeusi lilikuwa linapanda, Mzee Asheri na mwenziwe wamepiga pua kwenye kioo cha nyuma. Vijana walisikia mngurumo, wakashuka kando ya njia na machela yao, wakasimama kwenye matope kupisha.

"Kaka, usisimame," Yasmini alisema kwa sauti ndogo kutoka kiti cha mbele, kamera mkononi. "Tukikata picha tunaanza upya toka chini."

Asheri alishusha kioo. Mtoto aliyelelewa vizuri hampiti mtu mzima kimya. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Bibi Dorkasi alisema kutoka kwenye machela. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto huyo miaka mingi iliyopita, alimjua vilevile alivyo. "Kaa vizuri, utaanguka."

Halafu macho yake yakahamia mbele, kwa mjukuu wake. Viti vitatu vya kati vilikuwa vitupu, bado vina nailoni ya dukani. Eliamini aliigeukia kamera, akasema kwamba ndani humu, ndugu zangu, nafasi ni ya kumwaga, kisha akakanyaga mafuta.