Mwaka Nyumba Ilipolishinda Jembe

...na nani basi aliichagua nyumba, Esteri anajiuliza tena, mkono mmoja umeshika kitambulisho, mwingine umeizuia khanga isichukuliwe na upepo wa Kibondo, foleni ya kura haisogei, na swali ni lile lile la utotoni kwao Kasulu, enzi za chama kimoja, wagombea ubunge wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, kijiji kikakaa jioni kuzunguka chungu cha pombe ya ndizi uani kwa baba yake, kila mkubwa na mrija wake, baba akasema jembe, wakainama wakanyonya, na kwao kunyonya ndiko kukubali... kesho yake walikwenda kupiga kura kama waendao harusini, vitenge vipya, ngoma, vumbi jekundu, yeye Esteri juu ya mabega ya baba akiona vichwa vya watu wote, ah, hakuna tena kupiga kura kwa namna ile... na matokeo ya kituo chao yalipotoka, nyumba ilikuwa imeshinda, kwa mbali, na kila mtu akaapa si mimi, wakaapa kwa mama zao, walio hai na waliozikwa, baba akaishi miaka yake iliyobaki akiwatazama majirani midomo, hakukasirika, alitaka kujua tu, hakujua, na chungu hakikukaa tena uani, kila mmoja akanywa kwake, hilo ndilo lililomuuma mtoto yule kuliko kushindwa kwenyewe, ule ua mtupu jioni, umefagiwa, hauna mtu...

"Shemeji, unaota? Jua hili litakuangusha." Ni Nduwayezu, amesimama mbele yake, mdogo wa marehemu mumewe Niyonzima, amevaa koti lile la siku waliyopewa uraia, halivai ila Krismasi na siku za kura, "Sioti, nimesimama tu," anamjibu, na jana jioni ni huyu huyu aliyeketi penye kigoda cha kaka yake, chungu mbele, ukoo mzima umekuja, akasema tunakwenda na diwani wetu wa siku zote, huyu Aline anayegombea naye ni mtoto wetu, nampenda, lakini tukimweka wa kwetu watasema Warundi sasa wanataka kututawala, na karatasi za uraia tumezipata juzi, mnataka waanze kutuuliza tena tulitoka wapi? wakainama, na Esteri akainama, akanyonya, yeye Muha wa Kasulu asiyeulizwa na mtu alikotoka, kwa nini alinyonya... kwa sababu Nduwayezu alikuwa ameushika mrija kwa vidole viwili, kidole kidogo kimenyooka, vile vile kama Niyonzima, na kwa kitambo kile mumewe alikuwa amerudi, nani angemkatalia... wala si mwoga, Nduwayezu, watu wanakosea wakisema hivyo, alivuka mpaka wa Manyovu akiwa mtoto, mkeka kichwani, aliyewahi kufukuzwa husikiliza hata hatua za mbuzi... lakini Aline, mawe, Aline siku ile ya mvua, daraja limekwenda na maji, Niyonzima kalazwa kwenye ingobyi, machela ya kwao, wanaume wanne mabegani, na msichana yule mbele yao ndani ya mto, maji kiunoni, akipapasa mawe kwa miguu, "pitieni hapa, hapa," na mgonjwa mwenyewe akicheka juu kule, "polepole jamani, mimi si mkungu wa ndizi," alifika hospitali akafa, ndiyo, lakini alifika, alikufa amelala kwenye shuka safi, na Aline alimwambia Esteri daraja hili, mama, nitalisema mpaka wanichoke, hajaacha kulisema, daraja halijajengwa... mle ndani hakuna atakayeona, kuna kalamu na boksi la kujikingia tu, aweke alama penye picha ya Aline, atoke, ajifute uso, na jioni akiulizwa aape kama walivyoapa wale, ni rahisi, rahisi mno, na Nduwayezu naye aanze kututazama midomo, mwaka huu, na mwaka kesho, amshuku mkewe, amshuku mwanawe... hapana.

"Shemeji."

"Naam."

"Ile ya jana nimeitapika."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakwambia wewe uliyenipa mrija, usije ukamtafuta mwingine."

"Mama!" Mgambo wa mlangoni amegeuka. "Hakuna kampeni hapa."

"Si kampeni, mwanangu, ni mambo ya pombe."

Foleni inacheka, nyuma mtu anasema hiyo pombe ilikuwa wapi mbona hatukualikwa, Nduwayezu hacheki, anatazama viatu vyake, anafunga kifungo cha koti, anakifungua, na Esteri anangoja aitwe msaliti, yuko tayari, moyo umetulia kwa namna asiyoijua tangu mazishi... "Ni kwa ajili ya ule mto?" anauliza Nduwayezu taratibu, na Esteri anaitikia kwa kichwa, na Nduwayezu anawageukia ndugu zake waliotangulia, na ni yeye mwenyewe anayewaambia, kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, Esteri hayumo kwenye lile la jana, ameniambia mwenyewe, asiulizwe mtu mwingine, na foleni haijasogea.