Mwenye Chungu

...na simu tena, inatetemeka kwenye mfuko wa gauni la kanisani, mkono mwingine nimeshika birika la maji ya moto, ni Loice, nani mwingine, mhariri wangu wa ng'ambo, Busia ya Kenya, anataka jibu leo, Ojangole arudi au asirudi... "Akiror, maji! Sisi hapa nanyonya upepo tu," anaita mzee Obore, mrija mdomoni, yeye na wenzake wamekizunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi ya Mama inayoongezwa maji ya moto kila inapopungua, nakuja mzee, nakuja, nimeganda tu hapa mlangoni kama sijui kazi, mimi, Akiror wa Sikuda, niliyeandika Baiskeli ya Ojangole, kitabu kizima, jina langu kwenye jalada, kinasomwa pande zote za mpaka, na pale forodhani askari alitazama kitambulisho changu akanitazama mimi, "Kumbe ni wewe ulipitisha Ojangole na sukari yake ya magendo!" nikacheka mpaka machozi, najivunia, kwa nini nisijivunie, nani alinishika mkono nikiandika... lakini hiki cha pili, Mungu wangu, nimempandisha Ojangole baiskeli, nimempa magunia, mvua, askari wapya, hata mke wa pili nimempa, naye hasogei, anasema yaleyale ya kitabu cha kwanza ila yamepauka, na Loice eti, "Hizi sura ziko poa, watu watazipenda tu," watazipenda, ndiyo, kwa adabu... "Usiongeze," Mama anasema nyuma yangu, anapeta wimbi, hata hajainua macho, "hiyo nakwisha nguvu," lakini Mama, wenyewe wanaomba, wanasema tamu, "Wanasema! Mgeni atasema nini? Mgeni hasemi chungu imechuja, atanyonya tu mpaka jioni. Mwenye chungu ndiye nasema."... mwenye chungu, nimebeba birika hili tangu utoto, nimemwona akiwamwagia kuku machicha wazee wakiwa bado wameshika mirija, bila aibu, kisha anaanza na wimbi mpya, na kutoka hapa mpaka Majanji hakuna aliyewahi kusema pombe ya Mama Benedeta ni maji, hakuna, na mimi binti yake namwongezea Ojangole maji, namwongezea, nangoja Loice ndiye aniambie amechuja... naogopa, basi, naogopa, kwa sababu yuko mwingine, Amulen, mjane wa kijiji cha Sop Sop anayelima na ng'ombe wake mwenyewe na kufokeana na mashemeji, nimemwandika kwa kificho, Loice hamjui, hana baiskeli, hana magendo, huenda asipendwe na mtu, lakini huyu namsikia, hata sasa namsikia anavyofoka, Ojangole simsikii tena, Loice dada yangu, Ojangole amefika nyumbani, mwache akae na watoto wake, na nani alimfikisha? mimi, mimi hapa, na mikono ni hii hii... "Akiror! Maji, toto!" na simu bado inatetemeka, birika linaniunguza kiganja kupitia kitambaa, wazee wamegeuka wote wananitazama, mirija midomoni, nami nafungua mdomo, chungu kimekwisha, wazee wangu.