Sura ya Nne ya Levina Lugembe

Barua ilikuja kwa wasapu, asubuhi ya Jumatatu, Levina Lugembe akiwa na mswaki mdomoni. Picha ya karatasi yenye muhuri wa chuo. Anaitwa mbele ya kamati ya maadili ya taaluma, Alhamisi saa tatu. Programu ya kukagua kazi za wanafunzi imesema sura ya nne ya risechi yake, asilimia themanini na moja, imeandikwa na akili mnemba. Akikutwa na hatia, anadisko, anafukuzwa chuo. Yaani mwaka wa tatu, mwezi wa sita, mtihani wa mwisho ameshaufanya, halafu anadisko.

Wengine hapo wangelia. Levina akatema povu, akasukutua, akasema, "Hawa wamekosea mtu."

Na kweli, sura ile aliiandika mwenyewe. Alikaa nayo wiki mbili kwenye chumba chake cha kupanga pale Isevya, mashine ya kusaga ya jirani inatikisa ukuta, yeye anaandika, anafuta, anaandika tena.

Renatus, waliyesoma naye darasa moja, alifika saa nne na simu mkononi, ameshaiona habari kwenye grupu.

"Tulia. Kuna apu," akasema. "Unaiwekea maandishi yako, inayavuruga kidogo, inatia na makosa ya kibinadamu. Alhamisi unawapelekea hayo, unasema faili la kwanza lilikuwa bovu."

"Kwa hiyo nimeandika mwenyewe, halafu niipe mashine iniandikie, ili ionekane nimeandika mwenyewe."

"Ndipo dunia ilipofika, mwanangu."

"Toka hapa."

Renatus hakutoka, alikuwa anasubiri chai. Levina akaifungua sura yake na kuitazama vizuri. Programu ilikuwa imepaka rangi nyekundu sehemu zenye shaka. Akasoma nyekundu ya kwanza, ya pili, ya tano. Zote zilitoka sehemu moja.

Iko hivi. Risechi yake ilihusu kama kweli wananchi ndio wanaoamua mambo kwenye mikutano mikuu ya vijiji. Kijiji alichochagua ni Mninga Mmoja, ukishapita Isikizya, pale ambapo njia ya zamani ya misafara sasa ni ya baiskeli na ng'ombe. Mwezi wa kumi na moja kilikuwa na mkutano wa kuamua kisima kipya kichimbwe shuleni au mnadani. Mtendaji wa kijiji, Bwana Eliya, alimpa muhtasari wa mkutano huo, karatasi tisa zimenyooka kama shati la harusi. Levina akanukuu humo mpaka akachoka, na kila nukuu akaandika imetoka wapi. Nyekundu zote ni za muhtasari wa Eliya.

Sasa ndiyo akausoma kwa mara ya kwanza kama msomaji, si kama mtu anayetafuta pa kunukuu. Ukurasa wa sita ukamsimamisha.

"Ndugu Fikiri Sayi, Mwenyekiti wa Kitongoji, alisimama na kumjibu Bi. Veneranda ana kwa ana, akimhakikishia kuwa kisima cha mnadani kitaleta maendeleo jumuishi na endelevu."

Levina akaanza kucheka.

"Nini?" Renatus akauliza.

"Fikiri amemwoa binti wa Bi. Veneranda."

"Kwa hiyo?"

Renatus kwao Moshi, hakuelewa. Levina, mwanzoni mwa utafiti, alikuwa amelala nyumbani kwa Bi. Veneranda siku nne na aliyaona kwa macho yake. Kule kwa Wanyamwezi wa Mninga Mmoja, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Fikiri akiwa na ujumbe, anasimama nyuma ya jiko na kuusema kwa mtoto, mtoto anaupeleka hatua tatu mbele. Siku moja Levina alimwona, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye cheo chake, anaruka mtaro na baiskeli begani kwa sababu mama mkwe ametokea njiani na ndoo. Huyo ndiye asimame kwenye hadhara amjibu mama huyo?

"Hii haikuandikwa na mtu wa kule," Levina akasema. "Wala haikuandikwa na mtu. Ushahidi ninao."

Halafu kicheko kikakatika. Juu ya aya ile kulikuwa na sentensi yake mwenyewe: Mtafiti alihudhuria mkutano huu.

Hakuhudhuria. Siku ile mvua ilimkuta Isikizya, bodaboda ikazama kwenye tope mpaka kwenye injini, akarudi mjini. Wiki mbili baadaye Eliya akampa muhtasari, na yeye akaweka ile sentensi kwa sababu inapendeza mbele ya msimamizi. Haikuwa na rangi nyekundu. Uongo wake pekee kwenye sura nzima, na programu ilikuwa imeupitisha.

Jumatano akapanda bodaboda kwenda Mninga Mmoja. Bi. Veneranda alikuwa kivulini mwa nyumba anamenya karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko chuo hawapiki?"

Levina akamsomea ile aya. Bi. Veneranda akasimamisha mikono.

"Soma tena. Fikiri alisimama?"

"Alisimama."

"Akanitazama?"

"Akakujibu ana kwa ana."

Bi. Veneranda akaweka ungo chini taratibu, kisha akacheka mpaka kanga ikamtoka begani. "Jenifa," akaita ndani, "njoo usikie. Mumeo amenigombeza."

Jenifa akatokea na mwiko mkononi, uso umemshuka. "Amekugombeza wapi?"

"Kwenye karatasi ya serikali."

Walipomaliza kucheka Levina akataja tarehe, akauliza mkutano wenyewe ulikuwaje. Mama na binti wakatazamana.

"Mkutano upi?" Bi. Veneranda akasema. "Tarehe hiyo si ndiyo mvua ya kwanza ilinyesha? Watu wote tulikuwa shambani tunapanda. Pale ofisini alikuwepo Eliya na mbuzi waliokimbia maji." Akauvuta ungo karibu. "Baadaye tukaona jiwe limepakwa rangi pale mnadani, kisima kinakuja hapo. Kwangu mpaka mnadani ni saa nzima na ndoo kichwani. Tukasema haya, serikali imeamua. Kumbe ni sisi tumeamua."

Akaokota karanga moja, hakuimenya.

Eliya alikuwa ofisini peke yake. Kijana tu, labda miaka ishirini na saba, shati limechomekewa vizuri. Levina alipoweka karatasi mezani hakujitetea sana.

"Huko juu walitaka muhtasari. Nimepigiwa simu mara tatu siku moja. Mvua imeharibu mkutano, niitishe mwingine lini, watu wako kwenye jembe? Nikaiambia simu: viongozi ni hawa, wanaopenda kuuliza maswali ni hawa, ajenda ni hii, niandikie. Haikuchukua hata dakika."

"Na kisima kwenda mnadani, nani aliiambia?"

Eliya akasugua paji la uso. "Hakuna. Iliamua yenyewe. Ikaandika wananchi wamekubali kwa kauli moja."

Nje ng'ombe walipita, kengele zao zikasikika mpaka zikaisha.

"Levina, ukiyasema hayo kesho, mimi sina kazi."

"Nisipoyasema, mimi sina digrii."

"Sawa. Lakini ulinitumia nakala ya kazi yako, na mimi nilisoma. Umeandika ulihudhuria." Akamtazama. "Ulihudhuria mkutano gani, dada?"

Levina akahisi masikio yanawaka moto. Angeweza kunyamaza kuhusu hilo. Programu haikuliona, msimamizi hakuliona, alilijua Eliya tu, na Eliya ana lake la kuficha. Wakikubaliana hapo hapo, kila mtu anashika mdomo wake, na yeye Alhamisi anasema tu muhtasari umeandikwa na mashine, basi. Lakini bila kusema mkutano haukuwepo, jiwe la mnadani linabaki pale pale. Na akisema haukuwepo, watamuuliza yeye alikuwa wapi.

"Kesho nasema yote mawili," akasema. "Lako na langu. Una leo nzima ya kulisema lako kabla yangu."

Alhamisi, chumba cha mikutano, feni inazunguka kivivu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dokta Mayala, Mnyamwezi wa Nzega, na pembeni yake Dokta Adelina, msimamizi wa Levina. Levina akaeleza kuhusu muhtasari, akampa mwenyekiti ukurasa wa sita. Dokta Mayala akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu Fikiri ameoa kwa huyu mama?"

"Binti yake wa pili, Dokta."

"Na akasimama."

"Ndiyo imeandikwa hivyo."

"Tatizo liko wapi?" Dokta Adelina akauliza.

"Mwenzangu," Dokta Mayala akasema, "mimi nina miaka ishirini na sita kwenye ndoa. Mama mkwe wangu alipolazwa nilimpa pole kupitia dirisha la wodi, nimempa mgongo. Wagonjwa wengine walidhani nina kichaa. Haya maneno hakuyaandika binti huyu, na hakuyasema mtu yeyote."

Wakacheka. Dokta Adelina hakucheka, alikuwa anafunua kurasa.

"Hapa umeandika ulihudhuria."

"Sikuhudhuria, Dokta."

"Na mkutano?"

"Haukuwepo."

"Kwa hiyo ulihudhuria mkutano ambao haukuwepo."

"Ndiyo. Huo uongo ni wangu. Sikusaidiwa na mashine."

Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido kama nusu saa, simu mapajani. Ikatetemeka. Eliya: "Nimepeleka barua ya kuufuta ule muhtasari. Nimeitwa kujieleza kesho. Mkutano mpya ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne. Nimemwambia mwenyekiti wa kijiji muhtasari tuuandike watu watatu, kwa kalamu."

Akaitwa ndani. Dokta Mayala akasoma kwenye karatasi: shtaka la kutumia akili mnemba limefutwa. Kwa kudanganya uwepo wake uwandani, sura ya nne imefutwa pia, aianze upya, na kwenye mahafali ya mwaka huu hayumo. Ana siku saba za kukata rufaa.

"Sikati," Levina akasema. "Naomba barua ya kurudi uwandani. Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano."

Dokta Adelina akamsogezea kalamu. "Nitakuja na wewe," akasema. "Niandikie namna ya kufika."

Nje Levina akampigia mama yake aliyeko Usinge.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Namaliza mwakani."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Mwakani si mbali," mama akasema. "Sasa unafanya nini?"

"Narudi Mninga Mmoja."

"Haya. Uvae viatu vya kufunika, msimu huu kuna mbigili."