Walii Hahitaji Wakala

Mzee Nahodha alikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe ni "basi". Ukimwamkia asubuhi, "Shikamoo babu," anakujibu, "Basi." Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, "Basi." Akitaka kugeuzwa ubavu, basi, akichoshwa na mgeni, basi, na mgeni ajitafutie mwenyewe ngazi za kushukia. Na huyu ndiye yule fundi wa redio wa Mkunazini aliyekuwa akishinda na redio moja asubuhi nzima, kwa sababu mdomo ulikuwa haumpi nafasi ya kushika bisibisi. Watu walimwendea hata redio zao zikiwa nzima, ili wamsikilize tu. Kiharusi kilimpiga mkono na mguu wa kulia, kikachukua maneno yote, kikamwachia hilo moja kana kwamba kinamtania.

Khatib alizijua "basi" zote za mzee, ya kiu, ya maumivu na ya kuchoka. Alikuwa mhudumu wa wazee majumbani, ameajiriwa na kampuni ndogo iliyoko Mtoni, na kila asubuhi alitoka kwao Ng'ambo na mkoba wake begani. Vijana wa barazani walimwita yaya. "Yaya, mtoto keshalala?" wanamuuliza akirudi jioni. Naye huwajibu kwamba mtoto kalala, kaota meno yote, na anawasalimu. Wanacheka, naye anacheka. Lakini usidhani hayakumuuma. Yalimuuma sana, kwa sababu kazi ile alikuwa anaijua na anaipenda.

Mzee Nahodha hakuwahi kuvuliwa kikoi mbele ya Khatib. Wakati wa kuoga, mkono wa Khatib ulipita chini ya nguo, uso wake ukielekea ukutani, na kila jambo lilitajwa kabla halijafanywa. "Sasa mguu, babu. Sasa mgongo, nnamwaga maji." Kati ya kutaja na kutaja alikuwa akiimba kasida, zile za maulidi alizozishika tangu chuo cha Kurani, kwa sababu chumba cha kuogea kina ukimya wake, na ukimya ule unamfanya mtu mzima ajione mtoto.

Asubuhi moja sabuni ilimponyoka. Khatib akainama kuitafuta chini ya kigoda, akaiacha kasida katikati ya mstari. Juu yake mstari ukamaliziwa, neno kwa neno, hakuna lililokatika.

Khatib akainuka polepole. "Babu?"

"Basi," alisema Mzee Nahodha, macho yamemtoka, naye kashtuka vilevile.

Tangu siku ile Khatib alianza kumsemesha kwa mahadhi ya kasida. Chai ikaimbwa, shuka likaimbwa, na wiki ile ile mzee akaomba, kwa sauti ya maulidi kabisa, aongezewe tangawizi. Bila ya mahadhi, hakuna kitu. Kwa mahadhi, maneno yalikuja, machache, moja likimvuta mwenziwe.

Wakati huo huo nyumba nzima ilikuwa kwenye shughuli ya harusi ya Salhiya. Salhiya ni mjukuu wa Mzee Nahodha, mtoto wa Msabah, mwanawe wa kiume wa pekee, aliyefariki binti huyo akiwa bado anatambaa. Mzee ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamkemea. Na kwa kuwa baba hayupo, babu ndiye walii wake: yeye ndiye wa kutamka mbele ya sheikh yale maneno ya kumwozesha. Walii asiyeweza kusema humweka wakala amsemee. Wakala alikuwa keshachaguliwa bila mzee kuulizwa, naye ni Mzee Talib, mdogo wake, ambaye joho lake lilikuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa mlangoni watu walione.

Bi Mwanakheir, binti wa Mzee Nahodha na bibi wa nyumba ile, alimweleza baba yake kwa upole. "Ami Talib atakusemea, baba. Weye utaitikia kwa kichwa tu."

"Basi!" alisema mzee, na hiyo ilikuwa "basi" ambayo Khatib hajapata kuisikia. Mkono wa kushoto ukaipiga sinia, kikombe kikapasukia ukutani.

Bi Mwanakheir alitoka kwenda ukumbini, machozi yanamlengalenga. Khatib akamfuata, akamweleza habari ya kasida. Alidhani atafurahi.

"Aimbe?" alisema Bi Mwanakheir. "Baba yangu aimbe msikitini, mbele ya wakwe zetu waliotoka Matemwe? Wewe Khatib una akili?"

"Nshamsikia mwenyewe, bibi. Anaweza."

"Sijakwambia hawezi. Nakwambia watacheka. Baba alikuwa akifungua mdomo, mtaa mzima unanyamaza. Sitaki siku ya mwisho watakayomsikia iwe siku ya kumcheka."

"Bibi, kuchekwa unakuogopa weye. Yeye pale hakuvunja kikombe kwa kuogopa kuchekwa."

Alisema, kisha akajuta, maana si maneno ya kumwambia bibi wa nyumba unayofanyia kazi. Bi Mwanakheir akachukua simu, akampigia sheikh. Sheikh alisikiliza, akasema maneno yakieleweka yametosha, ukiyasema ama ukiyavuta ni shauri lako. Bi Mwanakheir akakata simu. "Haya," alimwambia Khatib. "Lakini akichekwa baba yangu, usinitazame usoni."

Wakaanza. Khatib aliyachukua maneno ya kuozesha akayapanga juu ya kasida ile ile ya bafuni. Mara ya kwanza aliyapanga kama yanavyosemwa, "Salhiya binti Msabah", na mzee alipoambiwa jina la mwanawe uso ulimkunjamana, akalia mpaka chakula cha mchana. Khatib hakuweza kulitazama jambo lile mara mbili. Akaliondoa jina. "Salhiya, mjukuu wangu" inatosha, alijiambia, nani asiyemjua Salhiya? Mstari ukawa mfupi, mwepesi, na mzee akaushika. Wakauimba kwenye maji, kwenye uji, kwenye kunyolewa ndevu.

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, vijana walimteremsha Mzee Nahodha ngazi zile zilizosimama wima, kakaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, amenukia udi. Msikiti umepakana na nyumba yao, na wanawake walikuwa wamejaa madirishani kusikiliza kipaza sauti. Ndani, bwana harusi, Makungu, alikaa mbele ya mzee huku jasho linamtiririka. Mzee Talib alikaa pembeni na joho lake, tayari kwa lolote. Khatib alikaa nyuma ya kiti.

Sheikh alimaliza hutuba, akauliza, "Mzee Nahodha, unaozesha mwenyewe, au unaweka wakala?"

Mzee akanyanyua mkono wa kushoto, akajigonga kifuani. Khatib akausogeza ule wa kulia usio na nguvu, akauweka vizuri ndani ya mkono wa Makungu. Kipaza sauti kikaletwa.

"Makungu," alianza Mzee Nahodha, na ilikuwa kasida kamili, sauti imepasuka kidogo lakini imesimama, "nimekuozesha..."

Vichwa vikageuka. Huko nyuma mtu alicheka kwa pua, mwenziwe akamgonga kwa kiwiko. Mzee hakujali. "Salhiya," aliimba.

Akasimama hapo.

Msikiti ukangoja. Sheikh akangoja. Mzee Talib akakohoa, akajisogeza taratibu kuelekea kipaza sauti. Khatib alishangaa, kwa kuwa mstari ule walishauimba mara nyingi mno hata mzee asiweze kuusahau. Akachungulia uso wa mzee kwa ubavuni. Midomo ilikuwa imebanwa pamoja, ikaachia, ikabanwa tena.

Msabah. Mzee hakusahau neno. Alikuwa anatafuta pa kuliweka jina la mwanawe, na Khatib alikuwa hakumwachia nafasi. Kwa kumhurumia, alikuwa amemtoa baba kwenye harusi ya mtoto wake. Khatib aliona haya mpaka masikio yakawa ya moto.

Neno hawezi kumpa, maana maneno ya walii lazima yatoke kwa walii. Akainuka, mbele ya masheikh na wakwe na mtaa mzima, akaanza kuvuta mahadhi bila ya maneno, kwa sauti ya kusikika. Akaanza mwanzo wa mstari, akafika kwenye "Salhiya", na pale ambapo ulikuwa ukikatika akaurefusha, akauacha wazi.

Mzee Nahodha akaingia. "Salhiya," aliimba, machozi yanamdondokea kwenye kanzu na sauti haitetereki, "binti Msabah... mwanangu Msabah... kwa mahari mliyopatana!"

Hakucheka mtu. Sheikh alijifuta jicho, akamgeukia Makungu. Maskini Makungu, alikuwa na jibu lake alilolikariri tangu Matemwe, kalisema kwenye kioo, kalisema kwenye pikipiki. Akafungua mdomo, na jibu likamtoka kwa kasida.

"Nimekubali kumuoa Salhiya," aliimba bwana harusi, mahadhi yale yale, mpaka kwenye mahari, huku uso wake mwenyewe unamshangaa.

Hapo msikiti uliangua kicheko. Sheikh alicheka, Mzee Talib alicheka mpaka joho likamteremka begani, na Mzee Nahodha alicheka kuwazidi wote, mkono wake bado umo mikononi mwa mkwewe. Khatib alibaki amesimama katikati ya watu waliokaa, na fahari aliyoisikia siku ile hangeibadilisha kwa kitu chochote. Kicheko kilipita kwenye kipaza sauti, kikatoka nje, kikapanda mpaka madirishani. Kisha kikapigwa kigelegele cha kwanza, kirefu, kinachokaribia kukata pumzi, na Khatib aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Bi Mwanakheir.