Seji ya Mwalimu Mutanu

Kila mvua ilipotulia kidogo, Mwalimu Mutanu alitoka na jembe kwenda kuitazama seji yake, kichaka cha majani ya kuchemsha kama chai. Ulikuwa mwaka wa 1997, na ile mvua ambayo redio iliiita El Nino ilikuwa imeugeuza mtaa wote wa Galbet kuwa madimbwi. Seji haipendi kulowa miguu. Huvumilia jua, huvumilia ukame, hata kusahauliwa huvumilia. Lakini maji yakituama mizizini, huoza kimyakimya, na ukija kuona majani yamenyauka umeshachelewa.

Alipewa vijiti vya kupanda na mtawa mmoja wa misheni huko kwao Kitui, vimefungwa kwa kitambaa kibichi. Mtawa alimfundisha yote: ainue tuta, achanganye mchanga na kokoto, aikinge na jua la alasiri, aipunguze matawi baada ya maua. Mutanu aliyafuata yote. Kichaka kilishika, kikaota shina gumu la mti na majani ya kijivu, laini kama sikio la mwanambuzi. Alikizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi wa mtaa. Sasa, kila jioni, alichimba mifereji ya kuondoa maji, na kila asubuhi mifereji ilikuwa imefukiwa na matope.

Shule ilikuwa imefungwa, ila hakuweza kwenda nyumbani. Barabara ya Mwingi ilikuwa imekatika, naye mumewe, Mutuku, alikuwa ng'ambo hiyo ya maji. Aliyemfaa siku hizo alikuwa jirani yake Hinda, ambaye ua wao uligawanywa na mabati tu. Hinda alimletea anjera za moto, zile chapati laini za Kisomali, kwenye sahani iliyofunikwa, akamwita "abaayo", dada. Alikuwa na mtoto mchanga, Shuaib, na mama yake mzazi, Weris, aliyekuja kutoka Balambala kumwangalia. Mumewe, Abdiwali, alikuwa dereva wa lori, na lori lilikuwa limekwama mahali fulani kwenye njia ya Wajir. Hakuna aliyejua ni wapi hasa.

Baridi ya mvua ilipomshika Hinda kooni, Mutanu alimchemshia majani machache na sukari. Koo lilipona. Hinda aliipenda ladha ile.

"Hii ndiyo maramia ya Waarabu, abaayo," alisema akicheka. "Shangazi yangu aliyekaa Jeddah alikuwa akitunywesha. Nipe tena."

Mutanu akampa. Furaha ya kuombwa kitu na mtu aliyekulisha si ndogo. Siku zikapita, ikawa Hinda anajaza chupa ya chai asubuhi na kuinywa kutwa, na Mutanu akawa anakata matawi mazimamazima na kumrushia juu ya mabati.

Kisha mtoto akaanza kulia.

Mwanzoni ulikuwa mlio wa kawaida. Baadaye ukawa mwembamba, wa mfululizo, ukipenya mabati hadi kitandani kwa Mutanu. Alikwenda kujulia hali. Weris alikuwa amempakata mjukuu, uso umemkunjamana.

"Mtoto nalia siku yote," alisema. "Mama yake hana masiwa. Ilikuwa mingi, sasa imekauka. Sijui nini."

Hinda aliinamisha kichwa. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. "Labda ni wasiwasi wa Abdiwali," alisema.

Maziwa ya unga yalikuwa yamekwisha madukani tangu barabara ilipokatika. Mbuzi nao walikuwa wakitupa mimba na kufa, na watu wa afya wakipita na kipaza sauti kukataza maziwa mabichi na nyama ya mnyama mgonjwa. Aliyekuwa na mbuzi mzima hakujua kama kesho atakuwa mzima.

Mutanu alikuwa amefika mlangoni kwake, mkono kwenye komeo, alipokumbuka. Yule mtawa, akimfungia vijiti, alisema jambo jingine tena. Kwamba kina mama wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, hunywa hii, na maziwa hukatika. Mutanu hakulitilia maanani wakati ule. Hakuwa na mtoto wa kumwachisha. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumpata.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akijaribu kujiambia kwamba huenda ni njaa, au hofu, kama Hinda alivyosema. Lakini moyo ulikataa. Akaona jinsi habari itakavyosikika: mwanamke asiye na mtoto, mgeni, si wa dini yao, alimnywesha mama mzazi dawa ya kukausha maziwa. Nani angesema si kijicho? Yeye mwenyewe, angesikia hadithi hiyo ya mtu mwingine, angesema nini?

Hakusema kitu siku ile. Asubuhi Hinda alipopaaza sauti kuomba majani, alijibu kwamba seji imeoza kwa maji. Uongo huo ulimtuliza kwa muda mfupi sana. Kabla ya adhuhuri aliona mkono wa Weris ukipita kwenye upenyo wa mabati, ukichuma majani mabichi ya kando, yale yaliyosalimika.

"Mama, acha!" Mutanu alipiga kelele. Mkono ulisita. "Acha, tafadhali. Nakuja."

Aliingia kwao hata bila kuvua viatu vya matope. Hinda alikuwa ameketi mkekani, chupa ya chai pembeni.

"Usinywe tena," Mutanu alisema. "Majani haya hukausha maziwa. Niliambiwa zamani nikasahau. Nimekumbuka jana, nikaogopa kusema. Haijaoza. Nimekudanganya."

Hinda alimtazama kana kwamba haelewi Kiswahili. Kisha akaivuta chupa, akaenda mlangoni, akaimimina yote kwenye tope.

Weris hakupandisha sauti. "Wewe iko na mtoto?"

"Sina, mama."

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Mtoto alilia, akakohoa, akalia tena. Weris alimkazia Mutanu macho kama anayesoma kitu usoni mwake, kisha akasema, "Toka kwanza."

Mutanu alitoka. Alijifungia ndani akingoja kelele za majirani, na hazikuja. Alisikia mchi ukitwanga. Harufu ya uwatu ikavuka mabati, mbegu ambazo mwanamke mzazi huwekewa akiba ili maziwa yaongezeke. Siku iliyofuata, mtoto bado alilia. Na iliyofuata. Mutanu hakula sawasawa. Seji ilikuwa imeoza kweli upande mmoja. Aliyakata mashina yaliyokufa bila kujali kama mengine yataishi, akarudi ndani kusikiliza.

Halafu kilio kikaanza kukatika. Kulikuwa na vituo vya kimya kati yake, vifupi, kisha virefu zaidi. Kila kimya kilimtia hofu mpya: ameshiba, au ameishiwa nguvu?

Alikuwa katika hofu hiyo mlango ulipobishwa. Alikuwa Weris, na Shuaib amefungwa kwenye shuka kifuani.

"Masiwa inarudi," alisema. "Kidogo kidogo. Lakini Hinda hajalala. Anataka kulala." Akamfungua mtoto na kumnyoshea Mutanu. "Shika. Mimi naenda sokoni tafuta mtama. Akilia, mpeleke kwa mama yake."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine iko hapa?"

Mutanu alimpokea. Alikuwa mwepesi mno, na ule wepesi ulimchoma. Weris alikwisha kuondoka, guntino yake, lile vazi la kujifunga, ameipandisha magotini asiilowanishe. Mutanu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka sikio karibu na kinywa cha mtoto. Pumzi ilitoka, ikaingia. Hakuthubutu kubadili mkono.